Pipa la Kulfi na Sindano ya Mansi

Gopal, muuza kulfi, ile aiskrimu ya Kihindi, alikuwa amechoka kuambiwa kwamba mjukuu wake amemaliza chanjo. Kila kliniki aliyoingia hapa Nakuru, kitabu cha mtoto kilifunguliwa, kikafungwa, akarudishiwa na tabasamu. Amemaliza, mzee. Angemaliza vipi, na daktari wa masikio alikuwa amesema bado moja?

Mansi, mtoto wa binti yake Payal, alizaliwa hasikii. Alipotimiza miaka miwili alipasuliwa, akawekewa kifaa ndani ya sikio kinachompelekea sauti, na kingine kidogo akawa anakivaa nyuma ya sikio. Sasa yuko na mitatu, anaokota maneno mojamoja, na nyumbani kwao ni desturi: akilitamka neno jipya vizuri, wote wanapiga makofi, hata wateja walioko dukani. Lakini daktari aliwaonya. Kwa mwenye kifaa kama hicho, mafua ya kawaida yakiingia sikioni, vijidudu vinaweza kupenya na kuleta homa ya uti wa mgongo. Chanjo za watoto wote zinasaidia, ila yeye anahitaji moja ya nyongeza. Payal akaapa kwamba Mansi hatakanyaga shule ya nasari, penye makamasi na kikohozi, kabla ya sindano hiyo.

Basi itafute sasa. Famasi moja ilisema itakuja wiki ijayo, na wiki ijayo ikasema vilevile. Nyingine haikuwa imewahi kuisikia. Hospitali ilimtuma kliniki, kliniki ikamrudisha hospitali, na Gopal, ambaye hasira zake ziko karibu hata siku njema, akawa anagombana na walinzi getini. Wakati huo wote Mansi alikaa nyuma ya dirisha la duka akiwatazama watoto wa jirani wakipita na mikoba.

Hatimaye ikapatikana Nairobi. Gopal hakutaka kumtuma mtu. Alienda na pikapu yake mwenyewe, na nyuma ya kiti akapakia pipa lake la mbao, lile la kubebea kulfi za harusi.

Muuza dawa alimpa kisanduku cha plastiki chenye pakiti za barafu, akaanza kumweleza namna ya kuipanga dawa. Gopal hakumaliza kusikiliza. Yeye afundishwe baridi?

"Kijana, nimeuza kulfi kabla hujazaliwa," alisema. "Mambo ya baridi niachie mimi."

Akaitia chanjo kwenye kopo la bati, akalizika ndani ya pipa katikati ya barafu iliyopondwa, akatandaza chumvi ya mawe, barafu tena, chumvi tena, na gunia juu. Barafu bila chumvi ni ya kupoza soda, yenye chumvi ndiyo inayogandisha, ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Njiani hakusimama hata Longonot, ambapo hajawahi kupita bila kununua mahindi ya kuchoma. Alimpigia Payal simu, akamwambia amvalishe mtoto sare, wakutane kliniki. Akishadungwa, anakwenda moja kwa moja shule.

Nesi Jepkoech alilifungua kopo, akainua kichupa kwenye mwanga.

"Mzee, hii imeganda."

"Si ndiyo vizuri?" Gopal akauliza, na kusema kweli bado alikuwa anajisifu moyoni.

"Hapana. Hii inataka baridi ya fridge tu, kama maziwa. Ikishaganda imeharibika, hata ukiiyeyusha. Siwezi kumdunga hii. Sorry."

Gopal alitafuta mtu wa kumfokea. Akaanza na serikali, akaja kwa famasi zote za Nakuru, akafika kwa yule kijana wa Nairobi, na hapo akaacha, maana kijana alikuwa amejaribu kumwambia. Payal aliuliza tu nyingine itapatikana lini, na Jepkoech akasema hajui, ila mtoto akishika sikio au akipata homa, wasingoje hata kidogo, wakimbie hospitali.

Mansi alikuwa amesimama mlangoni na sweta yake mpya, mkoba mgongoni, amekwisha kugeukia barabara.

"Nana," alimwita babu yake. "Shule."

Tangu mtoto huyo aanze kusikia, Gopal hakuwahi kutamani asisikie jambo, isipokuwa siku hiyo. Akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, kama walivyofundishwa kuongea naye, akatamka polepole.

"Bado."

Mansi alimtazama midomo. Neno hilo lilikuwa jipya kwake.

"Bado," akasema, safi kabisa, kisha akatulia akingoja makofi yake.

Gopal akapiga.