Ng'ombe Asiye na Mkia

Leo watoto wa shule yangu ya chekechea hapa mtaani West Indies wamefinyanga udongo, na harufu yake imenirudisha mbali! Nina diploma niliyoitafuta ugenini kwa jasho langu. Lakini siku ninayoikumbuka nilikuwa mtoto wa nasari, nimekumbatia ng'ombe wangu wa udongo huku mama akinivuta mkono.

"Mwalimu, huyu anacheza matope tu! Namhamisha, aende penye kuandika."

"Mama, muulize kwanza ametengeneza nini."

Mama akainama. "Mbona tumbo kubwa hivi?"

"Ako na ndama! Na chuchu nne, hesabu!"

Akahesabu kwa kidole, kisha akacheka mpaka leso ikamlegea. Akaniachia mkono.

"Haya, rudi," akasema, "umwekee mkia."