Askari Waliokaa Chini

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu. Ulikuwa mwaka tuliokula mbegu. Uwele wa kupanda mama aliuhifadhi ndani ya majivu usibunguliwe, na njaa ilipobana tukausaga huohuo. Mpaka leo nikisikia harufu ya majivu yaliyolowa, ulimi unanikauka.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, mvua imetukosa mara mbili tangu viishe, na baba bado yuko Burma na Keya, jeshi la Mwingereza. Ndipo akarudi Kitundu, kijana wa hapahapa Ulemo aliyeondoka na baba. Alivaa koti la jeshi saa sita ya jua, jasho linamchuruzika, na sisi watoto tukamfuata kama mbuzi walioona chumvi.

Alimweleza mama mbele ya watu. Kambini kila siku waliambiwa meli ya kuwarudisha nyumbani inakuja. Wazungu wakapanda meli. Wao askari weusi wakapewa majembe, wachimbe mitaro. Asubuhi moja baragumu likalia, askari wakakaa chini. Wote.

"Mumeo ndiye aliyesema, hatusimami mpaka tuione meli. Wakamchukua, shemeji. Sisi tukaletewa meli. Yeye sikumwona tena."

Baba mdogo Msengi hakungoja hata jua lizame. "Basi amekufa," akasema, akaleta wembe. Kwetu mjane alinyolewa, kisha ndugu wa marehemu akamrithi, yeye na mbuzi na shamba. Msengi alikuwa na wake wawili wenye njaa, na jicho refu.

Mama akakaa chini palepale uani, miguu ameinyosha. "Sinyolewi kwa mtu ambaye sijamzika."

"Wewe mwanamke, utakula jeuri?"

"Nimekula mbegu, jeuri itanishinda?"

Watu wakacheka, hata bibi aliyepewa wembe anyoe.

Mimi nilidhani anamngoja baba. Miaka nilikaa njiani nikikagua kila koti la kaki. Nimeelewa nikiwa na wajukuu: hakumngoja. Alijua harudi, siku ileile aliacha kumtengea chakula. Alichokataa ni mumewe kumalizwa kwa wembe, kama mtu aliyekufa kwa homa kitandani kwake.

Msengi alichukua mbuzi. Akachukua shamba. Mwisho akamleta jumbe, naye akamwuliza mama kwa upole, kisha kwa ukali, kama atanyolewa au atafukuzwa kwenye boma la ukoo. Mama alikuwa amekaa chini palepale uani; hakunyanyuka.

"Sinyolewi kwa mtu ambaye sijamzika."