Nani Aliubeba Mzinga wa Wadachi

Gongoni nzima, pale Tabora, hapakuwa na mkono wa kudarizi kama wa Bi Mwanamkuu, na mwenyewe alijua, tena hakutaka ubishi. Ndiyo maana mwaka ule wa sabini na mbili Ndugu Justus, katibu wa tawi la TANU, alimpelekea yeye jora la marekani na mafungu ya nyuzi.

"Shikamoo mama. Tunataka vita vya Mtemi na Wadachi, tangu mwanzo mpaka boma lilipoanguka. Sabasaba kitambaa tunakitundika uwanjani."

"Marahaba. Nitadarizi. Ila mtu asinifundishe kazi."

Thubutu! Habari zilipoenea tu, watu wakamiminika barazani kwake, kila mmoja na babu yake. Mzee Lugembe, fundi baiskeli, alitaka wa kwake awe mbele kabisa, tena na bunduki. Batuli muuza vitumbua akataka wa kwake juu ya ukuta, na anenepeshwe kidogo. Bi Mwanamkuu akadarizi, akadarizi, hata boma likafurika wanaume kama gulioni, na Wadachi wawili wamebanwa pembeni kwa kukosa nafasi. Ungewaona ungewahurumia, jamani.

Justus akaja kukagua, akakuna kichwa. "Mama, sasa boma limeangukaje? Mzinga wa Wadachi uko wapi?"

Mzinga akaudarizi siku hiyohiyo, mnene, mweusi. Lakini mzinga hauna miguu! Ulifika Tabora mabegani mwa watu, na watu hao ni nani? Akauliza barazani. Huyu akakumbuka chungu jikoni, yule akaaga anawahi msikitini, na adhuhuri bado kabisa.

"Uache ujiendee wenyewe," Lugembe akashauri.

Bi Mwanamkuu alicheka, lakini moyo ulimuuma. Mbebaji mmoja alimjua. Marehemu baba yake alikuwa na kovu begani, na alimwapisha asimwambie mtu lilikotoka. Miaka arobaini amefunga mdomo, mtaa ukimheshimu kama binti wa mpiganaji. Akisema, sokoni atapitaje? Asiposema, kazi yake ni uongo, na uongo hakuuzoea. Hata kule kumnenepesha babu wa Batuli kulimnunisha siku mbili. Akapiga moyo konde. Chini ya mzinga akamweka mtu mmoja, mgongo umepinda, na jina kamili la baba yake kwa uzi mwekundu.

Sabasaba kitambaa kikatundikwa. Watu wakatafuta babu zao kwa vigelegele, wakasogea, wakasogea, mpaka kwenye mzinga. Wakasoma. Vigelegele vikakatika. Bi Mwanamkuu akakaza ushungi, akangoja kuzomewa.

Mzee Lugembe akajipenyeza mbele, akavaa miwani, akatazama weee.

"Hapa umekosea, Bi Mwanamkuu."

"Nimekosea nini?"

"Mzinga ule mtu mmoja hauwezi. Walikuwa wanne." Akakohoa, akatazama viatu vyake. "Babu yangu alishika nyuma."

"Babu yako yupi? Huyu uliyenisumbua wiki nzima nimweke mbele?"

"Huyohuyo," akasema Lugembe, na macho yalikuwa yamemlowa. "Mfumue kule, umlete huku amsaidie mzee wako."