Kang'ata hadi Korogwe, Mzee Mhando Akiwa Usukani

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari hapa Kilole, mjini Korogwe, na wanafunzi wangu wengi ni vijana wanaodhani breki imewekwa kwa ajili ya waoga. Sikuwahi kuitwa kumpima mtu aliyeshika usukani kabla mimi sijazaliwa. Ndiyo maana jirani yangu Mwanaidi, fundi cherehani, aliponiomba niende Kang'ata nikamtazame baba yake anavyoendesha, nilikubali hata hajamaliza kueleza. Nilikuwa na furaha kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya sikukuu.

Alipomaliza kueleza ndipo nikajua nimejitwisha mzigo gani. Baba yake, Mzee Mhando, ana pikapu ambayo ndiyo pikapu ya kijiji kizima. Inapeleka mahindi Handeni, inapeleka wajawazito kliniki, na mara kwa mara inamleta mkewe, Bi Zaina, hapa Korogwe kumwona binti yao. Lakini siku hizi bampa lilikuwa limebonyea, kioo cha pembeni kimevunjika, na uzio wa jirani ulishalazwa chini. Watoto wa kiume walikwenda kumwambia baba aache kuendesha. Walikaa, wakakohoa, wakazungumzia mvua, kisha wakaaga. Nani atamwambia baba yake mzazi kwamba haoni? Mwishowe mzee mwenyewe, baada ya kuwaona wamekuja kukohoa mara ya pili, alisema: leteni mtu anayejua magari akae nami toka Kang'ata mpaka Korogwe. Akisema basi, basi.

Asubuhi nilipanda basi stendi ya Korogwe. Ubaya wa kazi yangu ni kwamba siwezi kuwa abiria mtulivu. Mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo safari nzima, na mama niliyekaa naye akaniuliza kama nina tatizo la mishipa. Tulivuka mto Pangani, maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, tukaiacha milima ya Usambara nyuma yetu. Njiani nikaona mistari ya mkonge, nikamkumbuka babu yangu, Mnyamwezi aliyekuja toka Tabora kukata mkonge huku na asirudi tena. Sindeni tukapita, Misima tukapita. Nilikuwa nimeirudia barabara hii mara nyingi na wanafunzi, lakini siku hiyo niliitazama kwa jicho jingine: hapa mzee wa miaka sabini na kitu ataona kona? Na pale mbuzi wanapovuka?

Handeni mjini nilikunywa chai haraka, nikachukua bodaboda. Baada ya lami kuisha tuliingia kwenye vumbi jekundu, mashamba ya mahindi na mihogo pande zote, na makorongo yaliyochimbwa na mvua ambayo dereva wangu aliyakwepa huku akiimba. Nilifika Kang'ata nikiwa na rangi moja na barabara, nikicheka peke yangu.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia Mzee Mhando. Alikuwa amesimama kando ya pikapu yake nyeupe, akiifuta kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi kuliko mimi.

"Marahaba. Ndiwe mwalimu? Jina lako nani?"

"Kulwa."

"Kulwa!" Akaangua kicheko. "Zaina, njoo uone maajabu! Wametuletea Mnyamwezi! Nyie si watu wa kubeba mizigo kichwani kwa miguu toka huko kwenu mpaka pwani? Usukani mlionyeshwa na nani?"

"Na nyie Wazigua mlikuwa mkituona mnakimbilia porini," nikamjibu. "Leo mmekamatwa wapi hata mkanunua gari?"

Bi Zaina alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa wasiojua, Wazigua na Wanyamwezi ni watani toka zama za misafara, na mtani anaruhusiwa kukwambia jambo ambalo ndugu yako akilisema mtaitana barazani. Nilikaribishwa bada, ugali wao wa unga wa muhogo, kwa mlenda na samaki, nikala bila aibu, maana mtani akila kidogo anachekwa, akila sana anachekwa vilevile.

Alasiri mzee alitaka nione kazi yake mara moja. Tukapanda watatu: yeye kwenye usukani, mimi katikati, Bi Zaina dirishani kushoto. Jamani, niseme ukweli, nilistaajabu! Gia zilikuwa zinaingia bila kelele. Korongo alilijua kabla hatujalifikia. Na salamu! Kule huwezi kumpita mtu barabarani kimya; ukimpita hivyo umemtangazia ugomvi. Bi Zaina alikuwa akipunga mkono dirishani, "Mama Hadija, za kutwa?", na mzee palepale anapunguza mwendo, anasogea kulia kidogo, anapiga honi na kudakia, "Mama Hadija, mkamwana hajambo?" Anayesukuma baiskeli akasalimiwa. Aliyebeba kuni akasalimiwa. Mzee aliyekaa chini ya kivuli, ambaye mimi sikumwona kabisa, naye akasalimiwa kwa jina.

Tuliporudi nilimpigia simu Mwanaidi. "Baba yako anaona kuliko mimi," nikamwambia. "Kesho tunakuja naye, andaa pilau." Mwanaidi alilia kwa furaha, nami nikajiona mtu wa maana sana.

Kesho yake baada ya kifungua kinywa tuliianza safari ya Korogwe. Sasa ulikuwa mtihani wenyewe, na mimi nina kanuni moja ambayo wanafunzi wote wa Kilole wanaijua: kwenye mtihani abiria haongei. Dereva asaidiwe na macho yake tu. Nilimweleza Bi Zaina kwa heshima zote. Alinitazama, akamtazama mumewe, akataka kusema kitu. Mzee akawahi: "Kanuni ni kanuni, Zaina. Kaa kimya." Alikaa kimya, lakini niliona ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

Mwanzo wa barabara ulikuwa mtupu, na mzee aliendesha vizuri. Kisha tukampita mwanamke mwenye ndoo, upande wa kushoto, bila honi wala salamu. Nikashangaa kidogo. Tukawapita wawili wenye majembe, kushoto vilevile, kimya. Walibaki wamesimama wakitutazama. Upande wa kulia akatokea mchunga mbuzi, naye akasalimiwa kwa bashasha zote. Nikageuka kumwangalia Bi Zaina, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Karibu na njia panda ya Kwaluguru kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi, ukingoni kushoto. Nilidhani mzee atasogea kulia. Hakusogea. Nilinyoosha mkono kuushika usukani, lakini Bi Zaina alikuwa ameshavunja kanuni yangu.

"Mume wangu, unamuua Athumani!"

Nikauvuta usukani, mzee akakanyaga breki, gari likayumba na kusimama katikati ya vumbi. Nyuma yetu baiskeli ilikuwa imelala na gunia limepasuka. Athumani, kaka yake Bi Zaina, alikuwa ameruka kwenye majani. Tulimkimbilia. Alisimama mwenyewe, akajipangusa, akajikagua mikono na miguu. Hakuwa na hata mchubuko. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Lakini yeye alikuwa anamtazama shemeji yake, na hakusema neno juu ya gari.

"Shemeji," alisema, "hata salamu? Nimekukosea nini?"

"Nilikuwa na mawazo," mzee alijibu, akitazama chini.

"Mawazo gani ya kutomwona kaka wa mkeo?" Athumani aliinua baiskeli yake. Tulimsaidia kuzoa mahindi, akatushukuru mimi na dada yake, akaondoka upande wa kwao Kwaluguru bila kumpa mzee mkono. Kuponea chupuchupu alikuwa amesamehe papo hapo. Kutosalimiwa hakukusamehe.

Tulibaki watatu kando ya pikapu. Hapo ndipo nilipoelewa yote: bampa limebonyea kushoto, kioo kimevunjika kushoto, na salamu zote za jana zilianzia kinywani mwa Bi Zaina. Nilijua sasa ninachotakiwa kusema, na nilijua pia kwamba watoto wake walishindwa kukisema. Nilitamani kukohoa na kuzungumzia mvua. Nikakumbuka kwamba mimi si mtoto wake, mimi ni mtani.

"Mzigua wewe," nikasema, "siku hizi hukimbilii porini, unatukimbiza sisi! Jicho lako la kushoto limekufa, na ulitaka kuniuzia Mnyamwezi mzigo uliooza. Lete ufunguo."

Alinikazia macho, nami nikadhani nimevuka mpaka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, na kicheko kikageuka kilio, na Bi Zaina akamshika mkono.

"Tangu lini, baba?" niliuliza.

"Si zamani sana. Lilianza kama ukungu. Nilisema litaondoka." Akanipa ufunguo. "Nikisema sioni, nani atawapeleka akina mama kliniki? Nami nitakuwa mtu wa kubebwa tu."

"Nilimwambia nitakuwa nawasalimia watu," alisema Bi Zaina. "Nikisalimia, anajua pale yupo mtu. Tulidhani inatosha."

Nilishika usukani mpaka Handeni. Tukanywa chai na chapati, na mzee akalalamika kwamba nabadilisha gia kama ninakoroga uji. Hapo nilijua atapona roho. Toka Handeni hadi Korogwe alikaa katikati, akinionyesha kila kona kabla haijafika, na zote alipatia. Kichwani mwake barabara nzima ilikuwepo. Tulipovuka mto Pangani na milima ikatokea mbele, alisema polepole, "Nimeipita hii mara ngapi, sijui." Nikapunguza mwendo ili aitazame vizuri.

Korogwe, Mwanaidi alikuwa na pilau kweli. Nilimwambia mlangoni kwamba nilikosea jana, akamkumbatia baba yake bila kuuliza zaidi. Siku iliyofuata tulimpeleka kwa daktari wa macho. Presha ya macho, alisema daktari: la kushoto halitarudi, la kulia linaweza kulindwa kwa dawa ya matone akiitumia kila siku, lakini kuendesha gari ndiyo basi. Mzee aliitika kwa kichwa. Alichouliza ni kimoja tu, kama dawa hiyo inapatikana Handeni. Inapatikana.

Safari ya kurudi tulianza asubuhi, mimi kwenye usukani, na mzee alinikataza kwenda Kang'ata moja kwa moja. "Pinda Kwaluguru," alisema. Tulimkuta Athumani anapukuchua mahindi uani kwake. Hakuinuka. Mzee Mhando alishuka, akamwendea, akasimama mbele yake mbele ya mke, watoto na majirani waliokuja kuchungulia.

"Shemeji, siku ile sikukuona. Jicho hili halioni tena. Watu wote wa kushoto nilikuwa nawasalimia kwa macho ya dada yako, na siku ile alikuwa amekatazwa kusema."

Athumani aliachia gunzi likaanguka. "Kumbe ni jicho!" alisema. "Nami sikulala, nalitafuta kosa nililokufanyia!" Alimkumbatia, wakacheka, na kuku akachinjwa kabla hatujakaa. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na sikujali nani ananiona.

Kang'ata tulifika jua likiwa bado kali. Habari ilikuwa imetutangulia, na majirani walikuja kumpa mzee pole, wengine wakiuliza kliniki itafikiwa vipi sasa. Ilikubaliwa kwamba mtoto wao wa pili, mwenye leseni, atakuja siku za gulio na kliniki. Mzee aliniomba ufunguo. Nikasita, nikampa. Hakwenda nao popote, alimpa mkewe.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaliendesha upande mmoja," alimwambia. "Malizia na wa pili."

Nilidhani ni utani. Bi Zaina alifunga ufunguo kwenye pindo la khanga, akanigeukia. "Mwanangu Kulwa, mtu wa umri wangu mnamfundisha?"

Wenzangu wa Kilole, nilikwenda Kang'ata kumpima dereva mmoja na nikakuta wapo wawili, na huyo wa pili, anayeijua kila nyumba na kila baiskeli ya barabara ile, hakuna aliyewahi kufikiria kumkalisha kwenye kiti cha dereva. Hilo ndilo nililojifunza, na ndiyo maana tangu siku ile namuuliza kila mzee anayeletwa kwangu: nani anakaa kando yako?

Kabla sijaondoka tulikwenda uwanja wa mpira. Bi Zaina akakaa nyuma ya usukani, miguu ikitafuta klachi, mumewe kushoto kwake, mimi nimesimama dirishani. Nikamwambia kabla ya kuondoa gari atazame kwanza pande zote. Akatazama kulia. Kisha kwa mazoea akamgeukia mumewe. "Kushoto kuna mtu?"

"Kushoto usiniulize mimi," alisema Mzee Mhando. "Angalia mwenyewe, halafu uniambie nimsalimie nani."