Bureti Isiyomfikia Mjukuu Wangu

Mwaka ule tulikula michembe mpaka taya zikauma. Viwavi walimaliza mahindi yangali kimo cha goti, mpunga kidogo tuliovuna tukauuza wote, tukabaki na viazi vitamu nilivyokuwa nimevikata vipande na kuvianika juu ya jiwe. Asubuhi michembe na chai ya rangi, jioni michembe iliyopikwa na karanga. Ukiwauliza majirani zangu mjukuu wangu aliingia lini kidato cha tatu, hawatakutajia tarehe. Watakwambia ni mwaka ule wa michembe.

Alikuwa anasoma shule ya serikali mjini Kahama, na ile si shule ya mchezo. Kengele ya kutoka ikilia, barabara inajaa mashati meupe, bodaboda zinasimama kuwapisha. Wana madarasa ya sayansi na ya sanaa, wana mdahalo kila Ijumaa, na likizo wanaweka kambi ya masomo, watoto wanakwenda na magodoro yao kichwani. Mjukuu wangu alikuwa darasa la sayansi. Alitaka kuwa daktari wa mifugo, na hakulipata wazo hilo redioni. Aliiona ndigana ikimaliza ng'ombe wa babu yake zizini, wanakohoa, masikio yamelala, na mtu wa dawa yuko Masumbwe, simu haishiki. Akaniuliza, "Bibi, nani anaujua ugonjwa huu?" Nikamwambia anaujua aliyesoma. Tangu hapo akakaza. Na kazi hiyo huipati bila fizikia na kemia, hilo hata mimi niliyeishia masomo ya ngumbaru nalijua.

Siku moja akarudi nyumbani, akasimama mlangoni hajavua viatu.

"Bibi, unaitwa shuleni. Na mwalimu wa taaluma."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Una mimba?"

"Bibi!"

"Nauliza. Jibu."

"Sina."

"Basi tutakwenda. Lolote jingine nitalimudu."

Mwanangu anayeendesha bodaboda Segese akasikia habari, sijui nani alimpelekea. Akapiga simu. "Mama, ni suala la kumhamishia sanaa. Wanawaondoa wenye alama ndogo. Wewe kubali tu, usiende kugombana na walimu."

"Wewe uliacha shule ukafuata mashimo ya dhahabu," nikamwambia, "leo ndiye unayenishauri mambo ya shule?"

"Mama, mimi nasema tu."

"Umeshasema." Nikakata simu.

Tulipofika tulikuta wazazi wamejipanga kwenye benchi la veranda, kila mmoja na mtoto wake, hakuna anayeongea. Mlango unafunguliwa, anaingia mmoja, anatoka. Walioingia na kifua mbele walitoka wanaangalia sakafu. Baba mmoja mwenye kofia ya pama alipotoka nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka. Vipi huko?"

"Mhola tu, mayu. Wangu kahamishiwa sanaa. Wanasema watoto kama hawa watachafua matokeo ya shule."

"Na wewe umejibu nini?"

"Ningejibu nini mbele ya mwalimu?" Akavuta mkono wa mwanawe wakaondoka. Yule mtoto alikuwa analia bila sauti. Wangu akamwona, akaanza kukwaruza kucha zake.

"Acha hizo kucha," nikamwambia. "Wewe bado."

Mwalimu wa taaluma alikuwa kijana, tai shingoni, jasho puani. Alisimama kunipa shikamoo, nikaitikia, akanipa kiti. Sina la kumlaumu kwa adabu. Akafungua kompyuta yake ndogo akaanza kusoma. Baiolojia anafanya vizuri. Kemia ya kuandika, vizuri. Fizikia, ya katikati. "Lakini bibi, kwenye vitendo, yaani kule maabara, huyu hayupo kabisa. Anapata mbili, anapata tatu, juzi kapata sifuri. Mtihani wa taifa una vitendo. Atatuangusha, na yeye ataanguka. Sanaa itamfaa. Useme tu ndiyo, nimbadilishe leo."

Nikamgeukia mtoto. Nilikuwa nimeanza kuwaka, na sikujua nimwakie nani.

"Haya wewe. Ya kuandika unayajua, ya mikono huyajui. Mikono yako ina nini? Si hii hii iliyokuwa ikikamua ng'ombe wa babu yako?"

Akaanza tena kukwaruza kucha.

"Nakuuliza!"

"Bureti hainifikii, bibi."

"Bureti ni mdudu gani?"

Mwalimu akaeleza: ni bomba la kioo lenye koki chini, la kupimia dawa za kemia. Meza moja inapata bureti moja, wanafunzi wanapokezana.

"Na kwa nini haikufikii?"

"Nasubiri kaka zangu wamalize kwanza. Wakimaliza, kengele inalia."

Mwalimu akacheka. "Kaka zako wapi? Wale ni wanafunzi wenzako."

"Wana ndevu, mwalimu."

Ni kweli wanazo. Pale shuleni kuna vijana waliokwenda kuchimba huko Bulyanhulu na Segese, mashimo yakawakataa, wakarudi darasani watu wazima. Meza ya mjukuu wangu ilikuwa na watatu wa namna hiyo.

"Sasa nani alikuagiza uwasubiri?" mwalimu akauliza.

"Mimi," nikasema. "Niulize mimi. Nyumbani kwangu mkubwa ndiye anayemega tonge kwanza. Mtoto anaosha mikono, anakaa, anasubiri mkubwa aguse sinia. Ndivyo nilivyolelewa Usukumani, ndivyo nilivyomlea huyu, na siombi radhi. Ameona wakubwa mezani, amesubiri. Ningemshangaa kama angewapora."

"Bibi, ile si sinia ya ugali."

"Sasa nimeelewa kuwa si sinia. Wewe unasimama hapo mbele kila siku, hukuona mtoto mmoja anasimama nyuma mikono mitupu?"

Kicheko kikamfutika mwalimu usoni. Nikamshika mjukuu wangu bega, nikambana hasa.

"Nisikilize. Kwenye ile meza hakuna mkubwa. Ukifika, nyoosha mkono, shika hilo bomba. Akikusukuma mwenye ndevu, mwambie bibi yangu ameniruhusu. Mimi niliyekuzuia ndiye ninayekufungulia. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Maneno hayo hayaongezi alama," mwalimu akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimeagizwa nimalize hili leo. Ngoja nimwite mkuu."

Akatoka. Mimi na mtoto tukabaki peke yetu. Akaninong'oneza, "Bibi, kama ni shida, nitahama." Nikamwambia anyamaze. Sikumtazama, maana ningemtazama angeona macho yangu.

Mkuu wa shule akaja, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Hakukaa. Akanipa shikamoo ya haraka, akaeleza yale yale: matokeo, wilaya, nafasi ya shule. Nikamwacha amalize. Nikasema, "Mjukuu wangu hahami. Mpeni kifaa mkononi, mpimeni, lakini hahami."

Wakatazamana na mwalimu. Nje, wazazi wa kwenye benchi najua walikuwa wanasikia.

"Mama, unaelewa unachokifanya?" Mkuu akavaa miwani ili anione vizuri. "Wenzako wote wamekubali. Huyu akipata sifuri kwenye mtihani wa taifa, hakuna kidato cha tano, hakuna chuo, hakuna huo udaktari wa mifugo anaoutaka. Na mimi sitakuwa na la kumsaidia. Usije ukasimama kwenye mlango huu ukalia."

"Nimesikia."

"Basi nakuuliza mara ya mwisho, mbele ya mtoto mwenyewe. Unasemaje?"

Nikanyanyuka kutoka kwenye kile kiti walichonipa, nikamjibu nimesimama.

"Mjukuu wangu hahami. Mpeni kifaa mkononi, mpimeni, lakini hahami."