Pingamizi la Athanas

Mdogo wangu Athanas alinivunja mkono Jumapili mchana, kwa mpini wa jembe. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za mtakatifu. Watu wakishazika wanamsafisha marehemu mpaka hata mama yake hamtambui. Mimi siwezi. Alikuwa mkorofi tangu tumboni. Mama alisema mtoto yule alimpiga mateke miezi yote tisa.

Sisi ni watu wa Nyandira, huku juu Mgeta, tunalima kabichi na viazi kwenye matuta ya mlimani. Biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi, malori ya wanunuzi yakaanza kupanda mpaka kwetu, na ngumi za Athanas zikapata kazi. Wanunuzi walikuja na lumbesa, yale magunia wanayoyajaza mpaka yanaota kichwa, wanashona kamba juu, halafu wanakwambia hilo ni gunia moja. Sisi tulinung'unika. Athanas alipanda juu ya lori na panga, akakata kamba zote, viazi vikaporomoka barabarani. Mnunuzi aliposhuka kuuliza alipigwa kichwa, meno mawili chini. Athanas akalala mahabusu Morogoro mjini wiki nzima. Akarudi, akakata nyingine.

Watu walimpenda kwa hilo. Nami nilimpenda, sioni haya kusema. Lakini mwanamume aliyezoea kupiga hachagui. Alimpiga mkewe mpaka akakimbilia kwao Turiani, hakurudi tena. Alimpiga jirani kwa ajili ya mfereji wa maji. Na wewe ukimgusa, hata kwa utani, anakurudishia mara mbili.

Kisha kikaja kikohozi. Sigara hakuwahi kuivuta maishani mwake, alisema ni kazi ya wavivu. Zahanati wakasema kifua kikuu, akameza dawa miezi minane, akakonda mpaka suruali ikafungwa kwa kamba ya katani. Akaanza kutema damu. Ndipo wakampeleka hospitali kubwa Dar es Salaam, wakamkata kipande cha nyama ya pafu wakapime. Nilitaka nimsindikize. Akasema yeye si mtoto wa kushikwa mkono na mwanamke.

Wakati huohuo binti yangu Neema alikuwa anaolewa. Mchumba wake Ernest, kijana wa Tchenzema, ana adabu, akimwona mtu mzima nusu kilomita anaanza "shikamoo". Posa ilishapokelewa. Kanisani padri alishatangaza ndoa mara mbili, imebaki ya tatu. Nilikuwa nimeshapepeta mpaka mchele wa pilau.

Athanas alirudi kutoka Dar Jumamosi, hakusema na mtu. Kesho yake padri akasoma tangazo la tatu: mwenye kujua pingamizi aseme. Hilo kwetu ni neno la kupita tu, watu wanaitikia kwa kukohoa. Athanas akasimama.

"Mimi ninalo," akasema. Sauti yake ilijaa kanisa zima. "Nina kansa ya mapafu. Hospitali wamenipima, wameikuta kwenye vinasaba. Nikawauliza vinasaba ni nini, wakaniambia ndivyo vinavyomfanya mtoto afanane na wazazi. Basi! Mama yetu alikufa anakohoa. Mjomba wetu alikufa anakohoa. Nyumba ya mama yetu imeoza. Mimi mjomba wa Neema nasema haolewi, asipeleke sumu hii kwenye nyumba ya watu."

Msiotujua sisi Waluguru mtaona ni wazimu. Kwetu mtoto ni wa mama. Shamba ni la mama, lukolo, yaani ukoo, ni wa mama, na binti haolewi bila neno la mjomba. Mtu wa kabila jingine akiambiwa ugonjwa uko kwenye vinasaba angeuliza wa baba au wa mama. Athanas hakuwa na haja ya kuuliza. Na ukoo wa mama, sisi wazima tuliobaki, ulikuwa mimi na Neema tu.

Nilimfuata nyumbani kwake nikimtukana njia nzima. Nilimwambia mama aliuawa na moshi wa jikoni, mjomba aliuawa na gongo. Akanijibu kuwa nilimuuguza mama mimi mwenyewe, nilijua, nikaficha, nikazaa. "Umezaa maiti," aliniambia. Nikamtemea mate. Hapo ndipo alipochukua mpini. Pigo la kwanza lilinipata begani, la pili nikalikinga, nikasikia mfupa ukivunjika. Neema alipiga yowe, majirani wakaja, wakamshika wanaume wanne, na mgonjwa vile aliwatupa wawili shimoni.

Kesho yake Yakobo, mjomba wa Ernest, akatuma mtu kusema posa imesimama. Wanawake kisimani wakaacha kuchota nikifika. Neema akalala kitandani siku tatu, uso ukutani.

Mwezi ulipotimia Athanas alitakiwa kurudi Dar, na hakuweza tena kutembea mpaka stendi bila kukaa chini. Hakuna aliyekubali kumsindikiza. Nilikwenda mimi, mkono ukiwa kwenye plasta. Yeye ni mdogo wangu, nimfanyeje? Lakini pia nilitaka kumsikia huyo daktari kwa masikio yangu mwenyewe.

Daktari alikuwa mama mmoja mnene, Dokta Nasra. Nilimuuliza kabla hata sijakaa: "Sumu hii ninayo mimi? Mwanangu nimempa?"

Akashangaa. Nikamweleza yote. Akamtazama Athanas, akatazama plasta yangu, akavua miwani.

"Mzee, ulipoambiwa habari ya vinasaba, ulikaa mpaka mwisho?"

"Niliondoka," akasema Athanas.

"Ungekaa. Badiliko hilo la vinasaba limo kwenye uvimbe, si kwenye damu ya ukoo wenu. Hukuzaliwa nalo. Limetokea humo humo kwenye pafu lako, ukubwani. Nimewapima wagonjwa sitini hapa, wote saratani ya mapafu imeshasambaa. Kumi na watano wana badiliko kama lako. Robo nzima! Kuna Mchaga, kuna Mhindi, kuna mama wa Ngerengere. Wengi hawajawahi kuvuta sigara. Hao wote ni watoto wa mama yako?"

Athanas akauliza kama kuna dawa. Daktari akasema kuna kidonge kinacholenga badiliko hilo hilo, ng'ambo watu wanakimeza, hapa nchini hakijafika. Alisema hivyo huku ameinamisha macho, nami nikamheshimu kwa kutotudanganya.

Nje, kando ya ukuta wa hospitali, nilimwambia: "Utakwenda kwa Yakobo. Utasema kwa mdomo huo huo."

Tulikwenda Jumapili iliyofuata. Tulipumzika njiani mara nyingi mno. Yakobo alikuwa ametandika mikeka uani, watu wa pande zote mbili wamekaa, Neema nyuma yangu, Ernest nyuma ya mjomba wake. Athanas akaeleza habari za Dokta Nasra na wagonjwa sitini. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibidi watu wainame ili wasikie.

Yakobo akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye plasta yangu.

"Kama ukoo wenu ni mzima, huyu ulimvunjia nini? Mtu na akili zake hamvunji dada yake bure. Ulijua jambo. Sasa dada kakulilia, umebadilisha maneno."

"Nilikosea, Yakobo," akasema Athanas.

"Ukoseaji gani huo! Posa imekufa. Chukueni binti yenu."

"Nilikosea," akarudia, kama mtu anayeomba maji. Neema akaanza kulia nyuma yangu.

Sauti ile ndiyo iliyonichoma. Kanisani alinguruma, leo ananong'ona? Nikamgeukia, nikamzaba kofi kwa mkono mzima. Nikamzaba la pili. La tatu lilimpasua mdomo, damu ikadondokea shati. Dada kumpiga mjomba wa watoto wake mbele ya wakwe, hilo hatujapata kuliona. Wanaume wakainuka kujiweka kati yetu, maana kila mtu alijua kinachofuata. Nikaona ngumi yake imekunjika. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, mikono yake ilikuwa nyuma, ameishika mwenyewe.

"Nilikosea!" akapaza sauti, na damu ikatoka nayo. "Ugonjwa ni wangu mimi. Mama yangu hana kosa, dada hana kosa, mtoto hana kosa!"

Yakobo akawaashiria wanaume wakae.

"Athanas kapigwa na hakurudisha," akasema. "Basi ni kweli. Padri asome tena."

Athanas tulimzika Septemba. Neema aliolewa Oktoba, akiwa na kitambaa cheusi cha msiba mkononi, na sasa ana watoto watatu.

Watu husema mimi, Kristina, nina akili, nilijua njia ya kumshawishi Yakobo. Akili gani? Sikuwa nikimfikiria Yakobo, wala Neema, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hasira tu. Siku ile, tukirudi kutoka kwa Yakobo, Athanas aliketi juu ya jiwe ili apate pumzi, nikamfuta mdomo kwa pindo la khanga, nikamwambia, "Pole, mdogo wangu."

"Pole ya nini?" akasema. "Makofi yale umeyachelewesha miaka arobaini, dada."