Mashua ya Kilio

Nilikuwa mliaji mzuri. Sijisifu, kila mtu pale Kyavinyonge, ukingoni mwa Ziwa Edouard, alilijua hilo. Msibani nilianza taratibu, nikiongeza kidogo kidogo, na nikishafika kwenye sifa za marehemu, hata jirani aliyegombana naye miaka kumi alipangusa macho. Kwa kipaji hicho, wakati wa vita, nilipewa kazi katika mashua ya uokoaji.

Miaka ile ziwa lilikuwa linatumalizia wanaume. Walitoka na mitumbwi iliyochoka, upepo wa mchana ukaipindua, na hakuna aliyeweza kuwafikia kwa kasia. Kambi za wavuvi nazo ziliungua kila kiangazi, cheche moja tu kutoka kwenye majiko ya kukaushia samaki. Sisi wanawake tuliokuwa tunapeleka samaki Butembo na Beni tukasema basi, imetosha. Tulitaka mashua moja yenye mota, kamba, na ndoo za kuzimia moto. Mmoja alileta mbao, mwingine misumari, mwingine bidoni, yaani madumu, tupu za kuelea, na wa soko la Beu, pale Beni, walituchangia kamba. Tajiri mmoja wa Butembo, aliyempoteza mdogo wake ziwani, akatupa mota.

Mota ndiyo ilikuwa shida. Chochote chenye mota wanajeshi walikichukua, kiwe cha hospitali, kiwe cha padri. Na kutoka Butembo hadi ziwani bariyeri za askari zilikuwa hazihesabiki.

Kwetu gari linalobeba maiti hufungwa matawi mabichi mbele, na kila mtu huliachia njia, askari pia. Basi tulichongesha sanduku la maiti pale Butembo, tukailaza mota ndani, tukaifunika blanketi vizuri kama mgonjwa. Dereva wetu, Mwislamu wa Beni, alilizunguka lile sanduku mara mbili.

"Siye tunazikaka bila sanduku," akasema. "Nitaendesha hii namna gani?"

"Pole pole, na uso ya huruma," akamjibu mjane mmoja mnene aliyekuwa mkuu wetu.

Mimi nililia kuanzia Butembo. Bariyeri ya kwanza, ya pili, ya tatu, tulipita. Kwenye ya nne askari mmoja alisogea, akanusa.

"Mama, hii maiti inanuka petroli."

"Alikuwa fundi wa magari, papa," nikamwambia, nikaangua kilio kipya. Mkubwa wake akampigia kelele kutoka kibandani: "Ni ebembe, achia ebembe ipite!" Ebembe ni maiti kwa Kilingala, na kwa siku ile ilikuwa hati yetu ya kusafiria.

Mashua ilipokamilika hatukuliondoa sanduku. Tuliliweka katikati, kamba na bidoni ndani yake, na matawi mabichi mbele. Askari walisikia mota ikinguruma, wakaja mbio kuichukua, wakaona sanduku, wakarudi nyuma. Nani anataka mota inayosukuma maiti? Mjane aliendesha. Mimi nililia. Hao ndio walikuwa mabaharia wote.

Waume zetu hatukuwaambia kitu. Walikuwa wanakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, benchi moja na askari wale wale, na mwanaume akishapata vikombe viwili hana siri. Wao walijua tu kwamba wanawake wamejipatia mashua ya kubebea maiti. Tulijiona wajanja sana.

Alasiri moja, kabla hatujaokoa hata mtu mmoja, upepo ukapiga ghafla, na mtumbwi wa mume wangu ukaonekana mbali ukiwa tumbo juu. Mjane alinivuta kwa mkono hadi ndani ya mashua, tukaenda. Safari ile sikuhitaji kujilazimisha kulia.

Tuliwakuta watatu, mume wangu na wenzake wawili, wameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Nikapiga yowe la furaha. Sasa fikiria wao walichoona: mashua ya maiti inawajia, matawi mbele, sanduku katikati, na mke wa mtu amevaa nguo za msiba akipiga mayowe.

Mume wangu aliachia mtumbwi akaanza kuogelea kwenda upande wa Uganda.

"Siyakufa bado!" alipiga kelele. "Mwende na sanduku yenu! Siyakufa!"

Wale wawili wakamfuata. Mjane akazungusha mashua, wao wakageuka. Tukawatupia kamba, wakaikwepa kama nyoka. Nililia, nikamwita baba wa batoto, nikamwita mpenzi wangu, na kadiri nilivyomwita vizuri ndivyo alivyozidi kukimbia, maana kwetu maneno matamu kama yale mtu huambiwa akiwa maiti, amelazwa sebuleni. Kichwa chake kilizama, kikarudi, kikazama tena. Nilimwona anakufa mbele yangu kwa sababu ya ujanja wangu mwenyewe. Hapo hasira ikanishika.

"Weye!" nikafoka. "Paa ya jikoni inavuja tangu Pasaka! Unarudia na kasiksi kichwani, unasema fufu imepoa! Unataka kwenda wapi na uvivu yako? Panda hapa!"

Akaacha kuogelea.

"Iko ananitukana," akawaambia wenzake, akitema maji. "Mmesikia? Iko ananitukana mie. Basi niko muzima."

Akashika kamba.

Tulipokaribia nchi kavu tukaona askari wamesimama kwenye mchanga, wengi kuliko kawaida. Wakiona mashua inarudisha wazima, hofu itawatoka, na mota itakuwa imekwenda.

"Laleni," mjane akasema. "Tangu sasa muko bafu, maiti."

Mume wangu alinitazama kwa uchungu mkubwa, baada ya bidii yote ile ya kubaki hai. Akalala. Nikawafunika vitenge. Mkubwa wa askari akaingia majini hadi magotini, akachungulia.

"Ni nani, mama?"

"Ni bwana yangu."

Na nikaanza kumsifu, kama kazi yangu ilivyotaka. Nilisema alivyokuja kunitafuta Butembo kwa miguu, mara tatu, baba yangu akimrudisha. Nilisema kwamba siku tuliyokimbia risasi alifunga mtoto wetu mgongoni kwa kitenge changu, kama mwanamke, akapita naye mbele ya wanaume wenzake wakimcheka, na hakugeuka. Nilisema kwamba akiwa ziwani huwa silali. Nilianza kwa ajili ya askari, lakini katikati sikuwaona tena. Miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kumwambia hata moja.

Askari akavua kofia. "Pole, mama. Mupite."

Chini ya kitenge mkono wa baridi wa mume wangu ulikuwa umeutafuta mguu wangu, umeukamata kwenye kifundo. Mashua ilipita mbele ya askari wote, na mkono ule haukuniachia.